Usikipe Kijidudu Jina Usilolithibitisha

Maneno haya namwandikia yeyote anayekaa mbele ya mashine ya kusoma vinasaba, kisha akaandika jina la kijidudu kwenye karatasi itakayopelekwa wodini, kwa daktari wa mifugo, kwenye kiwanda cha maziwa au kwa mganga mkuu wa mkoa. Tangu Uviko-19 mashine hizo zimeongezeka Afrika. Moshi, Kilifi, Entebbe na Kinshasa sasa husomwa jenomu ambazo zamani sampuli zake zingepandishwa ndege kwenda Ulaya au Marekani na majibu yake kusubiriwa kwa miezi. Ni jambo jema na la kujivunia. Lakini uwezo wa kusoma herufi umekwenda mbio kuliko nidhamu ya kuzifasiri. Jina lililokosewa humpa mgonjwa dawa isiyomfaa, humfungia mfugaji soko, na laweza kuutia mji mzima hofu. Kwa hiyo sitabembeleza.

Usitoe jina la spishi kwa jeni moja.

Jeni ya 16S, yenye herufi zipatazo 1,500, imetufaa sana. Carl Woese na George Fox waliitegemea RNA inayotokana na jeni hiyo mwaka 1977 walipoonyesha kwamba kuna tawi zima la viumbe, akea, ambalo lilikuwa limechanganywa na bakteria. Kila bakteria anayo, nayo hubadilika polepole mno, ndiyo maana inaweza kupima undugu wa mbali. Kwa sababu hiyohiyo haiwezi kutenganisha ndugu wa karibu: itakuonyesha ukoo, haitakuonyesha ni mtoto yupi wa nyumba ile. Bakteria wa kifua kikuu cha binadamu na yule wa kifua kikuu cha ng'ombe wana 16S ileile. Streptococcus pneumoniae, anayeua watoto kwa nimonia, na Streptococcus mitis, anayeishi mdomoni bila kumsumbua mtu, hufanana kwa zaidi ya asilimia 99 katika jeni hiyo. Escherichia coli na Shigella hazitenganishiki kwayo, wala kimeta na ndugu yake Bacillus cereus.

Wengi bado wameshikilia kikomo cha ufanano wa 16S cha asilimia 97 kana kwamba ni sheria. Kikomo hicho ni cha mwaka 1994, na tangu hapo kimepandishwa hadi karibu asilimia 98.7. Na hata hicho kipya kazi yake ni kukanusha tu. Ufanano ukiwa chini yake, unaweza kusema hizi ni spishi mbili. Ukiwa juu yake, huna ruhusa ya kusema ni spishi moja. Kama una 16S peke yake, andika jenasi, kisha andika kwamba spishi haijathibitishwa. Daktari atakasirika. Mwache akasirike.

Soma jenomu nzima, kisha uilinganishe na kielelezo rasmi.

Jenomu ya kwanza ya bakteria kusomwa yote ilikuwa ya Haemophilus influenzae, mwaka 1995, yenye herufi milioni 1.8. Ilikuwa kazi ya kikosi kizima. Leo maabara ya kawaida husoma makumi ya jenomu za namna hiyo kwa mkupuo mmoja, kwa hiyo kisingizio cha kubaki na jeni moja kimepungua nguvu. Pima wastani wa ufanano wa herufi kati ya jenomu yako na jenomu ya kielelezo rasmi, yaani bakteria yuleyule aliyewekwa katika benki za vijidudu spishi hiyo ilipopewa jina. Mpaka unaokubalika ni asilimia 95 hadi 96. Haukutolewa hewani: unalingana na kanuni ya mwaka 1987 iliyotaka DNA za bakteria wawili zishikane kwa angalau asilimia 70 ndipo wahesabiwe spishi moja. Mwaka 2018 jenomu zipatazo 90,000 zililinganishwa zote kwa zote, na ikaonekana kwamba jozi zinazoangukia kati ya asilimia 83 na 95 ni chache sana. Pengo hilo ndilo linalotupa ujasiri wa kusema kwamba spishi za bakteria ni kitu kilichopo kweli na si mazoea ya wataalamu tu.

Usilinganishe na jenomu yoyote iliyotokea kwenye utafutaji. Mstari wa juu kabisa katika orodha ya matokeo ni kiumbe aliyefanana na wako zaidi ya wengine waliomo humo, basi. Kama ndugu yake halisi hajawahi kuwekwa katika hifadhidata hiyo, jirani wa mbali atapanda juu na wewe utamwita kwa jina lisilo lake.

Kabla ya kulinganisha, hakikisha jenomu yenyewe ni moja. Kuna jeni ambazo karibu kila bakteria anazo, na kila moja hupatikana mara moja tu. Nyingi zikikosekana, hukusoma vya kutosha. Zikitokea mara mbili na nakala hizo hazifanani, una bakteria wawili katika mrija mmoja, na wastani wa bakteria wawili hauna jina duniani. Rudi kwenye kisahani, otesha tena, chukua koloni moja.

Weka sampuli tupu katika kila kundi, kila mara.

Hapa sina msamaha kwa mtu. Sampuli tupu ni maji safi yaliyopitishwa njia ileile: yakatolewa vinasaba kwa vitendanishi vilevile, yakazidishwa kwa mashine ileile, yakasomwa katika mzunguko uleule. Asiyeiweka hana haki ya kuzungumzia kijidudu alichokipata katika damu, katika maji ya uti wa mgongo au katika sampuli yoyote yenye vijidudu vichache. Vitendanishi vyenyewe vina vinasaba vya bakteria. Vimeng'enya vyake vingi huzalishwa ndani ya bakteria, na maji yake hupita mabombani. Chupa iliyoandikwa kwamba haina vijidudu imehakikishiwa kuwa hamna kilicho hai ndani yake. Hakuna aliyekuahidi kwamba hamna DNA.

Mwaka 2014 watafiti walichukua Salmonella bongori aliyeoteshwa peke yake, wakamzimua mara kumi, kisha mara kumi tena, na kuendelea, na kila hatua wakaisoma. Kadiri Salmonella alivyopungua ndivyo bakteria wa udongo na maji walivyoijaza nafasi, hadi wakawa wengi kuliko yule aliyewekwa kwa makusudi. Watu haohao walipitia upya sampuli za pua na koo za watoto wachanga wa kambi ya wakimbizi ya Maela, Thailand. Ilionekana kwamba bakteria wa watoto hubadilika kadiri wanavyokua. Tofauti hiyo ilitokana na vitendanishi: sampuli za umri mmoja zilitolewa vinasaba kwa seti moja, za umri mwingine kwa seti nyingine. Fikiria ni ushauri gani mama wangepewa juu ya matokeo kama hayo.

Jambo la kondo la nyuma lilikuwa kubwa zaidi. Kwa miaka kadhaa kuanzia 2014 iliandikwa kwamba kondo la nyuma lina jamii yake ya bakteria, na juu ya msingi huo zikajengwa nadharia za mimba njiti na kinga ya mtoto. Mwaka 2019 kikosi cha Cambridge kilipima makondo ya wanawake zaidi ya 500. Walitumia seti mbili tofauti za vitendanishi na njia mbili tofauti za kusoma, na katika sehemu ya sampuli waliongeza Salmonella bongori kwa kiasi kinachojulikana ili wajue kipimo chao kinaona nini. Hawakupata jamii yoyote ya bakteria. Walichokipata cha kweli ni Streptococcus agalactiae katika takriban asilimia 5 ya makondo, na huyo ni bakteria anayejulikana kuua watoto wachanga. Pima uzito wa jambo hilo: uchafu wa vitendanishi ulivuma miaka mitano, na mwuaji halisi alikuwa pale akisubiri kupimwa kwa adabu.

Kwa hiyo andika namba ya toleo ya kila seti ya vitendanishi. Changanya sampuli za wagonjwa na za wazima katika kila seti. Usiwapime wagonjwa wote Jumatatu na wazima wote Alhamisi. Usiweke sampuli iliyofurika bakteria jirani na ile iliyo karibu kuwa tupu. Na sampuli tupu ikitoa kijidudu kilekile ulichokipata kwa mgonjwa, usitafute maelezo ya kujiridhisha. Rudia kazi.

Usiiamini hifadhidata kwa kuwa ni kubwa.

Hifadhidata za umma zimejazwa na watu, na watu hupakia makosa yao. Jenomu moja ya bakteria wa kisonono ilikutwa na vipande vya vinasaba vya ng'ombe na kondoo. Mwaka 2019 jenomu zaidi ya 2,000 za bakteria zilionekana kuwa na vipande vya vinasaba vya binadamu, na vipande hivyo vilikuwa vimeingizwa katika orodha kama protini za bakteria ambazo hazijawahi kuwepo. PhiX, kirusi kidogo cha herufi 5,386 kinachowekwa makusudi kwenye baadhi ya mashine ili kupima usomaji wake, kiliachwa ndani ya jenomu zaidi ya 1,000 zilizochapishwa. Ukilinganisha sampuli yako na takataka hizo, programu itakupa jibu kwa utulivu uleule inaotoa jibu sahihi.

Usitangaze ugonjwa wa kutisha kwa vipande vichache vinavyofanana. Mwaka 2015 uchunguzi wa vituo vya treni za chini ya ardhi jijini New York uliripoti vinasaba vinavyolingana na vya tauni na kimeta. Magazeti yakachukua. Idara ya afya ya jiji ilipinga, na waandishi wakasahihisha andiko lao kwamba hapakuwa na ushahidi wa kuwepo kwa vijidudu hivyo. Udongo na vumbi la dunia nzima vimejaa ndugu wasio na madhara wa kimeta. Kinachomfanya kimeta awe kimeta ni plasmidi mbili, pXO1 yenye sumu na pXO2 yenye gamba la kujikinga. Zitafute hizo kwanza, uzikute zimefunikwa na vipande kutoka mwanzo hadi mwisho, ndipo unyanyue simu.

Na hata hapo usilale. Katika msitu wa Taï, Ivory Coast, kuna Bacillus cereus mwenye plasmidi zote mbili, na ameua sokwe kwa ugonjwa usio na tofauti na kimeta.

Usiishie kwenye jina la spishi.

Mchota maji wa Ziwa Victoria au wa pwani ya Unguja akikuletea sampuli, unaweza kupata Vibrio cholerae humo bila mtu yeyote kuugua. Wengi wa Vibrio cholerae wa majini hawana jeni za sumu ya kipindupindu. Jeni hizo zililetwa na kirusi cha bakteria kilichojipachika ndani ya jenomu ya baadhi yao. Taarifa inayosema tu kwamba Vibrio cholerae amepatikana itafunga visima vya watu bure, au itazoeleka hadi siku ya hatari isisikilizwe. Andika kundi lake, O1 au O139 au jingine. Andika kama jeni za sumu zimo. Andika nasaba yake. Nasaba ndiyo iliyotufumbua macho kuhusu bara hili: jenomu 1,070 kutoka nchi 45 za Afrika, zilizokusanywa katika kipindi cha miaka 49, zilionyesha mwaka 2017 kwamba kipindupindu cha mkumbo wa saba kimeingizwa Afrika angalau mara 11 tangu 1970, kikitoka Asia. Kwa miongo mingi tuliambiwa kwamba kinachotuletea milipuko ni vijidudu vilivyojificha katika maji yetu wenyewe. Mlipuko hufuata njia za watu, na anayesoma jenomu ndiye awezaye kuionyesha njia hiyo kabla haijafika mji wa pili.

Vivyo hivyo Escherichia coli. Yule wa maabara, K-12, ana herufi milioni 4.6. Yule wa O157:H7, anayeharibu figo za watoto, ana karibu milioni moja zaidi. Spishi ni moja. Mwaka 2011 huko Ujerumani O104:H4 aliua watu zaidi ya 50, na kabla ukweli haujajulikana lawama zilitupiwa matango ya Hispania, wakulima wakapata hasara kubwa. Chanzo kilikuwa mbegu za uwatu zilizochipuliwa. Jenomu iliposomwa ilionekana kwamba huyu alikuwa E. coli wa kung'ang'ania utumbo aliyebeba jeni ya sumu ya Shiga, mchanganyiko ambao madaktari hawakuuzoea. Jina E. coli lisingewaambia lolote kati ya hayo.

Kwa kifua kikuu nasema kwa mkazo, hasa kwenu mlioko mahali ambako watu hunywa maziwa yasiyochemshwa. Mycobacterium bovis kwa asili hasikii pyrazinamide, moja ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo ya matibabu. Jenomu yake na ya Mycobacterium tuberculosis zinafanana kwa zaidi ya asilimia 99.9, kwa hiyo kipimo cha ufanano wa jumla kitawaita kitu kimoja. Tafuta alama zinazowatenganisha, vipande ambavyo bovis amepoteza na herufi iliyobadilika katika jeni ya pncA. Ukiandika kundi zima bila kutaja yupi, mgonjwa anameza kidonge kisichomsaidia, na zilizobaki kumpigania ni dawa tatu.

Endelea kuotesha.

Jenomu inaonyesha kijidudu anaweza nini. Kisahani chenye dawa kinaonyesha anafanya nini. Usugu mwingine hutokana na mabadiliko ambayo hayamo katika orodha ya programu yoyote. Hifadhi bakteria uliyemsoma katika jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri, na jokofu hilo liwe na jenereta.

Wala usiupuuze upande wa pili: kuotesha bila jenomu nako hudanganya. Candida auris, kuvu aliyeelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2009 nchini Japani, aliitwa Candida haemulonii na vipimo vya kikemia vya hospitali nyingi hadi jenomu na vipimo vya protini vilipomfichua. Kenya ni miongoni mwa nchi zilizoripoti maambukizi yake ya damu. Hustahimili dawa, hubaki juu ya vitanda na mikono ya wauguzi. Wodi inayompa jina la nduguye haitafanya usafi unaotakiwa.

Usiutupe ushahidi mdogo ulio safi.

Baada ya ukali wote huu wapo watakaoogopa kusema lolote. Hilo nalo ni kosa. Mwaka 2014 ilichapishwa habari ya kijana wa miaka 14 huko Wisconsin, Marekani, aliyekuwa amelala hospitalini kwa kuvimba kwa ubongo, vipimo vyote vikiwa vimeshindwa kujua anaumwa nini. Maji yake ya uti wa mgongo yalisomwa vinasaba California. Katika vipande zaidi ya milioni 3, vipande 475 vilikuwa vya Leptospira. Jibu lilipatikana ndani ya siku mbili. Akapewa penisilini, dawa kongwe na rahisi, akapona, na vipimo vya baadaye vikathibitisha.

Vipande 475 vilitosha kwa sababu vilitawanyika katika jenomu nzima badala ya kurundikana mahali pamoja, kwa sababu bakteria huyo si wa kawaida katika vitendanishi, na kwa sababu alilingana na ugonjwa uliokuwa mbele ya madaktari. Uliza mambo hayo matatu kila upatapo vipande vichache. Majibu yakikubaliana, mpigie daktari usiku huohuo, umweleze wazi una uhakika kiasi gani na kipimo gani kinafuata.

Ondoa vinasaba vya binadamu kabla ya kupakia.

Makohozi, kinyesi na damu hubeba jenomu ya mgonjwa mwenyewe. Ukiipakia hadharani umemwanika yeye na nduguze bila idhini yao. Taja mwaka, mkoa na aina ya sampuli. Usitaje kijiji chenye kaya chache, wala tarehe ya kuzaliwa. Na usipeleke sampuli nje ya nchi bila kibali na mkataba wa maandishi.

Usikimbilie kutangaza spishi mpya.

Ufanano ukishuka chini ya asilimia 95 na kila kielelezo rasmi, hongera, huenda unayo. Lakini kanuni za majina ya bakteria zinataka bakteria huyo awe hai katika benki mbili za vijidudu zilizo katika nchi mbili tofauti. Tangu 2022 kuna utaratibu wa pili, SeqCode, unaokubali jenomu bora kuwa kielelezo kwa viumbe wasiooteka. Chagua njia moja na uifuate hadi mwisho. Nusu ya kazi huzaa majina mayatima ambayo hakuna awezaye kuyathibitisha.

Sahihisha hadharani, na usahihishe siku hiyohiyo.

Andika kwenye kila taarifa jina la programu, toleo lake na tarehe ya hifadhidata uliyotumia, kwa sababu majina hubadilika na jibu la mwaka jana linaweza kuwa kosa mwaka huu. Ukigundua jina ulilotoa si sahihi, piga simu wodini kwanza, kisha toa taarifa mpya yenye neno MAREKEBISHO juu yake. Usiibadilishe ile ya zamani kimyakimya. Kisha nenda kwenye hifadhidata ya umma. Kwa kawaida kumbukumbu iliyopo kule haibadilishwi ila kwa ombi la aliyeipakia, kwa hiyo usipoisahihisha wewe itabaki na jina hilo, na kila jenomu mpya itakayofanana nayo, iwe ya Bujumbura au ya Muscat, itapewa kosa lako kama jibu.